Lanchester, muzee wa freni za diski

Fundi wa Lubumbashi akitoa tamburi za mbele kwenye motokari ya zamani aweke diski, anafuata wazo la Frederick Lanchester, Muingereza aliyezaliwa London mwaka 1868. Tamburi inafunga moto ndani, inaanza kuteleza kwenye mteremko. Diski iko wazi, inapata hewa. Wazo hilo alilisajili mwaka 1902. Plakete zake zilikuwa za shaba (njo ile tunaijua sisi!), lakini zililia sana, na vumbi la barabara likazimaliza upesi. Watu wakabaki na tamburi. Lanchester alikufa mwaka 1946, macho yamefifia, bila mali. Miaka saba tu kisha, Jaguar yenye diski ikashinda mashindano ya Le Mans.