DAKTARI KAPOSI, ALIYEISOMA NGOZI

Wanafunzi wenzangu, dalili ya mvua ni mawingu. Mwili nao una mawingu yake, na mara nyingine huyatandaza kwenye ngozi. Aliyelijua jambo hili barabara ni Daktari Moriz Kaposi.

Kaposi alizaliwa tarehe 23 Oktoba 1837 katika mji wa Kaposvár, nchini Hungaria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi maskini, na yeye aliitwa Moritz Kohn. Alisomea udaktari mjini Vienna, akahitimu mwaka wa 1861. Baadaye alifanya kazi chini ya bingwa wa magonjwa ya ngozi, Ferdinand von Hebra, hata akamwoa binti yake, Martha. Mwaka wa 1871 alibadili jina, akajiita Kaposi kwa kukumbuka kwao.

Mwaka wa 1872 ndio uliompa sifa. Aliandika habari za wanaume watano waliotokwa na vinundu vya rangi ya damu ya mzee miguuni na mikononi. Mmoja alipofariki, maiti yake ilipasuliwa. Lo! Kumbe vinundu kama vile vilikuwemo mapafuni na matumboni! Mwaka huo huo alieleza kwamba lupasi, ugonjwa uletao wekundu usoni, waweza kuandamana na homa, maumivu ya viungo na kukonda. Basi haikuwa shida ya ngozi peke yake.

Hebra alipofariki mwaka wa 1880, Kaposi ndiye aliyerithi kazi yake. Yeye mwenyewe aliaga dunia huko Vienna tarehe 6 Machi 1902.

Jina lake halikuzikwa naye. Huku Afrika Mashariki saratani ya Kaposi ilionekana miaka mingi kabla ya UKIMWI kujulikana. Mwaka wa 1981 ikawapata vijana wa New York na California, ikawa miongoni mwa dalili za kwanza za UKIMWI kuripotiwa. Mwaka wa 1994 Yuan Chang na mumewe Patrick Moore waligundua kirusi kinachoisababisha.

Ndugu msomaji, ukiona doa lisilopona, usilifiche kwa soksi ndefu, wala usimshuku jirani kwamba amekuroga. Nenda hospitali mapema, daktari akaangalie na ndani. Mficha maradhi kilio humfichua.