Imamu Seif bin Sultan: Ngome na Falaji

Imamu Seif bin Sultan wa Oman, lakabu yake Kaid al-Ardh, alikuwa bingwa wa kuzingira. Alianza na nduguye mwenyewe, Bilarab, aliyefia ndani ya ngome ya Jabrin mwaka 1692. Machi 1696 majeshi yake yakamzingira Mreno pale Ngomeni, Mombasa. Miezi 33, jamani! Waliokuwa ndani, Waswahili wakiwemo, walitegemea maji ya mvua yaliyowekwa birikani. Maradhi ndiyo yaliyowamaliza. Ngome ikatekwa Desemba 1698.

Kwao, Imamu huyohuyo asifiwa kwa maji: alitengeneza falaji, ile mifereji ya kuleta maji mashambani, akapanda maelfu ya mitende na minazi Barka. Alifariki 1711, akazikwa Rustaq.

Sisi alituachia liwali na askari. Falaji sijaiona, na huku Magogoni maji twanunua kwa mtungi.