James Black na dawa zinazoupunguzia mzigo moyo uliochoka

Mgonjwa aliyeambiwa moyo wake umeshindwa kusukuma damu vizuri hutoka kliniki na vidonge vya aina mbili, tatu au zaidi. Awe amerudi Musoma mjini, Bunda au Butiama, mara nyingi anayehakikisha vinamezwa ni mama, binti au mkamwana. Baadhi ya vidonge hivyo vilitokana na fikra za mwanasayansi mmoja wa Scotland, Sir James Black. Ukiyajua maisha yake utaelewa kwa nini dawa hizi huanza kwa dozi ndogo, na kwa nini haziachwi ghafla.

Daktari asiyekaa wodini

James Whyte Black alizaliwa tarehe 14 Juni 1924 katika mji wa Uddingston, akiwa wa nne kati ya wavulana watano. Baba yake alikuwa mhandisi wa migodi. Alipokuwa na miaka 15, mwalimu wake wa hisabati alimsukuma afanye mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha St Andrews, akafaulu na kupata ufadhili. Alichagua udaktari kwa kumfuata kaka yake.

Alihitimu mwaka 1946, akamwoa Hilary Vaughan mwaka huohuo. Hakutaka kubaki wodini, kwa sababu hakupenda jinsi wagonjwa walivyotendewa bila kujaliwa hisia zao. Akiwa na madeni, alikwenda kufundisha Singapore kuanzia 1947 hadi 1950. Aliporudi alijiunga na shule ya tiba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Glasgow.

Kufunga kitasa

Baba yake alifariki kwa shambulio la moyo baada ya ajali ya gari. Jambo hilo lilimfanya Black afikirie sana namna mshtuko unavyoudhuru moyo. Mtu akishtuka, mwili hutoa homoni iitwayo adrenalini, na moyo huanza kwenda mbio. Kwa mtu mzima kiafya mbio hizo hupita. Kwa mwenye mishipa ya moyo iliyoziba zinaweza kumuua.

Wakati huo madaktari walitafuta dawa ya kuupelekea moyo damu nyingi zaidi. Black aligeuza swali: je, moyo ukipunguziwa kazi, si utahitaji hewa ndogo zaidi?

Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist alikuwa ameeleza kwamba adrenalini hufanya kazi kupitia vipokezi vya aina mbili, alfa na beta. Kipokezi ni kama kitasa na homoni ni kama ufunguo. Black alitaka dawa itakayoingia kwenye kitasa cha beta na kukaa humo bila kukizungusha, ili adrenalini ikifika ikute nafasi imejaa.

Alianza kazi hiyo mwaka 1958 katika kampuni ya ICI, Uingereza. Dawa ya kwanza ilisababisha uvimbe kwa panya wa maabara, ikaachwa. Iliyofuata, propranololi, ilianza kutumika katikati ya miaka ya 1960 kwa maumivu ya kifua yatokanayo na moyo, na baadaye kwa shinikizo la juu la damu. Kwa fikra ileile Black alitengeneza pia simetidini, dawa ya vidonda vya tumbo. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Gertrude Elion na George Hitchings. Alifariki tarehe 22 Machi 2010, akiwa na miaka 85.

Dawa iliyoogopwa

Kwa miaka mingi madaktari walikatazwa kumpa dawa hizi mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa. Waliona kwamba moyo dhaifu unahitaji kusukumwa, na kuupunguzia kasi ni kuumaliza. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Göteborg, Sweden, walitoa taarifa ya wagonjwa wachache waliopata nafuu kwa dawa hizo. Wengi hawakuwaamini.

Fikiria ng'ombe wa plau aliyechoka. Ukimchapa atavuta hatua chache zaidi, kisha ataanguka. Moyo ukidhoofika, mwili huuchapa kwa adrenalini siku nzima, na figo nazo huchochea homoni nyingine, angiotensini na aldosteroni, zinazobana mishipa na kuzuia chumvi na maji mwilini. Miguu huvimba na pumzi hukatika.

Mwaka 1999 ushahidi ulipatikana. Utafiti wa wagonjwa 2,647 barani Ulaya ulionyesha kwamba bisoprololi ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba spironolaktoni, inayozuia kipokezi cha aldosteroni, ilipunguza vifo kwa asilimia 30. Losartani huzuia kipokezi cha angiotensini. Leo mgonjwa wa moyo hupewa bisoprololi, karvediloli au metoprololi ya kutenda polepole, pamoja na dawa nyingine kadiri daktari atakavyoona.

Mlezi azingatie haya

- Dozi huanza kidogo na kupandishwa taratibu. Wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kuchoka au kusikia kizunguzungu. Mwambie daktari, lakini usiziache dawa mwenyewe.
- Kuacha ghafla ni hatari, kwa sababu adrenalini hurudi kwa nguvu. Nenda kuchukua vidonge vingine kabla havijaisha, hasa kama kituo kiko mbali.
- Mpime uzito kila asubuhi. Akiongezeka kilo 2 au zaidi ndani ya siku tatu, arudi kliniki.
- Kama ana pumu, daktari ajue kabla ya kuanza dawa za kuzuia vipokezi vya beta.
- Anayetumia losartani au spironolaktoni apimwe damu kuangalia figo na potasiamu.
- Losartani hudhuru mtoto tumboni, na spironolaktoni pia haishauriwi katika ujauzito. Mwenye mimba, anayepanga kubeba mimba au anayenyonyesha amwambie mhudumu mapema ili abadilishiwe dawa.
- Usimpe mtu mwingine vidonge hivi, hata kama dalili zinafanana.

Kwa akina mama waliojifungua

Ugonjwa huu si wa wazee peke yao. Katika utafiti wa Hospitali ya Taifa Muhimbili wa 2012 hadi 2013, wagonjwa 427 walikuwa na wastani wa miaka 55 tu, na shinikizo la juu la damu lilikuwa chanzo kikuu. Tena moyo unaweza kudhoofika mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Dalili zake hudhaniwa kuwa uchovu wa uzazi: kukosa pumzi ukilala chali, kuamka usiku ukihema, miguu kuvimba zaidi badala ya kupungua, moyo kwenda mbio.

Ukiziona dalili hizo kwako au kwa mzazi unayemhudumia, usisubiri siku ya kliniki ya mtoto. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, ueleze lini ulijifungua, na uombe kupimwa shinikizo la damu na moyo. Kituo kikishindwa, omba rufaa ya kwenda hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere iliyoko Kwangwa, Musoma. Kama pumzi inakatika hata ukiwa umekaa, hiyo ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo.