Munganga Livingstone na vidonda vyake vya Kabambare

Kila mutu anayechimba zahabu ao kasiterite upande wa Kabambare anamujua adui huyu: kidonda cha muguu. Kinaanza kidogo tu, pengine jiwe limekwaruza, pengine mududu ameuma. Unashinda ndani ya maji ya matope, unalala, kesho yake kimepanuka. Hapo nyumbani kila mutu ana shauri lake. Bibi analeta majani, jirani anasema aumikwe na pembe, kijana anakimbilia farumasi. Hata Wachina wanaotibu kwa sindano wana hesabu yao: kichwa kikiuma wanachoma mukono, kati ya kidole gumba na kile cha pili, tumbo likisumbua wanashuka chini ya goti. Kuchagua dawa, na kuchagua pahali pa kuiweka, ndiyo kazi kubwa ya munganga. Leo tunawasimulia maisha ya munganga mumoja aliyelazwa na vidonda kama hivyo hapa hapa kwetu, zaidi ya miaka 150 iliyopita.

David Livingstone tunamujua kama mutembezi na muhubiri. Tunasahau kwamba alisomea uganga. Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa tatu 1813 kule Blantyre, Scotland, katika nyumba ya masikini. Alipofika miaka 10 walimutia kazini kwenye kiwanda cha pamba, kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku. Watoto wetu waliobeba mifuko ya muchanga wataelewa. Sehemu ya mushahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha Kilatini, akawa anasoma usiku. Mwaka wa 1840 alipata ruhusa ya uganga kule Glasgow, na mwaka uliofuata akawa Afrika ya Kusini.

Kule alikuwa na desturi moja inayotupendeza. Hakumugusa mugonjwa aliye katika mikono ya munganga wa kienyeji, isipokuwa huyo munganga amekubali ao ameshindwa. Ju ya hiyo waganga wale hawakumuchukia. Yeye naye alikuwa akipenda kujua wanatumia miti gani, na kwa ugonjwa gani.

Adui wake mukubwa alikuwa homa, ile tunayoita leo malariya. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba mbu ndiye anayeileta. Livingstone alitengeneza vidonge vyake mwenyewe: kinini, pamoja na dawa tatu za kuharisha. Hesabu yake ilikuwa hivi: kwanza tumbo lisafishwe, halafu kinini kiendelee mpaka masikio yaanze kulia. Kinini kilikuwa dawa ya kweli. Ile habari ya kusafisha tumbo, leo munganga hawezi kukuambia vile. Vidonge hivyo viliwasaidia wengi, lakini mwaka wa 1862 bibi yake Mary alikufa na homa kule Shupanga, kwenye muto Zambezi, bwana yake akiwa kando ya kitanda.

Safari yake ya mwisho ilianza 1866 kutoka Zanzibar. Mwezi wa kwanza 1867 wapagazi wawili walitoroka na sanduku lote la dawa. Siku ile aliona kama amekatiwa hukumu ya kufa, na kweli hakukosea sana. Kutoka hapo alikuwa munganga pasipo dawa.

Mwezi wa tisa 1869 alifika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, akifuatana na wachuuzi wa pembe za ndovu kutoka pwani. Hatutaficha jambo hili: muzungu aliyechukia biashara ya watumwa alikula chakula cha wenye kuifanya, na mumoja wao, Mohamad Bogharib, alimutunza vizuri akiwa mugonjwa. Shida ilimufunga nao.

Mwaka wa 1870, mwezi wa sita, alijaribu kwenda kutafuta Lualaba na watu watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Mvua, matope, vijito kila pahali. Miguu yake, ambayo mbele haikumusumbua, ikatoboka. Tarehe 22 mwezi wa saba alirudi Kabambare akichechemea, akaingia ndani ya nyumba, hakutoka mpaka tarehe 10 mwezi wa kumi. Siku 80. Alikuwa na vidonda vitatu. Akikanyaga chini, maji ya damu yanatoka. Usiku maumivu yanamunyima usingizi. Na usiku ule ule alisikia watumwa wa kambi wakilia ju ya vidonda vya namna moja, vinavyokula nyama, mishipa, mpaka mufupa.

Je, atachagua dawa gani? Waarabu walikuwa na yao: nta ya nyuki iliyochanganywa na chumvi ya shaba, inapakwa ikiwa ya moto na kufungwa na kitambaa. Lakini kidonda kinachotoa maji hakipendi kufungwa, basi dawa hiyo inatesa. Yeye mwenyewe aliona maumivu yanakuja na kuondoka kwa saa zake kama homa, akafikiri kwamba asili ya kidonda haiko muguuni, iko katika homa. Hapo alipotea: leo tunajua ni mikrobi inayoingia ngozi iliyokwaruzwa, zaidi kwa mutu asiyekula vizuri.

Dawa iliyomusaidia ilikuwa jiwe. Ndiyo, jiwe! Ni lile la kijani, malakiti, madini ya shaba. Alilisaga ju ya jiwe lingine na maji, akapaka kidonda kwa unyoya wa ndege. Kati ya yote aliyojaribu, ni lile tu aliloona linafaa. Shaba inaua mikrobi, lakini yeye hakuweza kujua sababu. Wandugu, msiende kusaga mawe ju ya habari hii: siku hizi osha na maji safi na sabuni, funika, usirudi majini mpaka kifunge, na kikizidi nenda lopitali.

Karatasi ziliisha, wino uliisha. Akaandika ju ya magazeti ya zamani kwa maji ya matunda ya muti. Kule ndani aliandika pia juu ya ugonjwa ambao hakuupatia dawa yoyote. Watu huru waliokamatwa walivumilia minyororo mpaka walipovuka Lualaba. Walipoona muto mupana umekaa kati yao na kwao, walianza kufa, wengine katika siku tatu. Hawakuwa na homa wala jeraha. Wakiulizwa wanaumwa wapi, waliweka mukono penye moyo kabisa, pahali penyewe, wakati watu wengi wanafikiri moyo uko juu zaidi. Watoto walitembea vizuri, mpaka wasikie ngoma ndogo ikipigwa katika kijiji cha kando ya njia. Hapo walilia, na nguvu zikawaisha.

Mwezi wa pili 1871 aliondoka Kabambare, akafika Nyangwe. Tarehe 15 mwezi wa saba aliona watu wa wachuuzi wakipiga bunduki wanawake waliokuja sokoni. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Akarudi Ujiji, mugonjwa, na Stanley akamukuta kule na dawa na chakula. Hakukubali kurudi Ulaya.

Alikufa mwanzo wa mwezi wa tano 1873 katika kijiji cha Chitambo, inchi ya Zambia ya leo. Farijala, aliyewahi kumutumikia munganga Zanzibar, alifungua mwili na kukuta bonge la damu lenye ukubwa wa mukono wa mutu. Moyo walizika chini ya muti. Mwili ulikaushwa na chumvi na jua, na Susi, Chuma na wenzao waliubeba miezi mingi mpaka Bagamoyo. Kule London walitaka kujua kama ni yeye kweli, kwa kuwa uso haukutambulikana. Munganga alipapasa mukono wa kushoto, pale simba alipovunja mufupa mwaka wa 1844 na ukaunga vibaya. Tarehe 18 mwezi wa ine 1874 wakamuzika.