Mwalimu Nyerere: Rangi, Sheria na Haki

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Kwa taaluma alikuwa mwalimu, sheria hakuisomea. Hata hivyo, suala la uhusiano baina ya rangi ya mtu na haki yake mbele ya sheria lilimkabili katika kila hatua ya maisha yake ya kisiasa. Hatua kadhaa kati ya hizo zilihusu eneo dogo la Dar es Salaam, baina ya Kariakoo na Uhindini.

Mji huo ulikuwa umegawanywa kwa rangi. Kanuni za ujenzi za wakoloni zilitenga kanda tatu: Uzunguni, Uhindini na makazi ya Waafrika, Kariakoo ikiwemo. Uwanja wa Mnazi Mmoja ulizitenganisha kanda mbili za mwisho. Sheria ya mikopo nayo ilimzuia mkopeshaji kumdai Mwafrika mahakamani iwapo mkopo haukuwa na idhini ya serikali. Vizuizi vya namna hiyo vilichangia kuyafanya majengo makubwa ya katikati ya mji kuwa, kwa sehemu kubwa, mali ya Waasia.

Kando ya uwanja huo, katika mtaa unaoitwa leo Lumumba, ndipo ilipokuwa makao ya TANU, chama alichokiongoza Nyerere tangu mwaka 1954. Mwezi Oktoba 1961 mambo mawili yalifuatana. Tarehe 18, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa nchi iliyokaribia uhuru uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alipinga vikali na kuonyesha kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kuukubali ubaguzi huo. Wiki moja baadaye, tarehe 25, Chuo Kikuu kilizinduliwa katika jengo la TANU mtaani hapo. Kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha Sheria, nacho kilianza na wanafunzi wasiozidi 14. Uchaguzi huo ulikuwa na sababu: wakoloni waliiachia Tanganyika wanasheria Waafrika wa kuhesabika kwa vidole.

Msimamo wa mwaka 1961 ulijaribiwa tena Januari 1964, Nyerere alipofuta upendeleo uliowatanguliza Waafrika mbele ya raia wenzao wa rangi nyingine katika utumishi wa serikali. Viongozi wa wafanyakazi walilalamika kwamba usawa uliotangazwa mapema mno ungeendeleza faida zilizopatikana kwa ubaguzi wa zamani. Hoja hiyo haikuwa nyepesi.

Jaribio gumu zaidi lilikuja Aprili 1971, kwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000. Sheria hiyo haikutaja rangi. Lakini kwa kuwa umiliki ulikwisha kugawanywa kwa rangi, waliopoteza majengo, Uhindini na Kariakoo, walikuwa hasa Waasia, wakiwamo raia waliotetewa mwaka 1961. Wengi walihama nchi.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1969, ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Katika kesi ya tamthilia hiyo, Shailoki anashikilia maneno ya mkataba, kisha anafilisiwa kwa sheria inayomhesabu kuwa mgeni katika mji anaoishi. Tafsiri hiyo husomwa zaidi kama shutuma dhidi ya ubepari. Swali la mgeni mbele ya hakimu halijapewa uzito unaostahili.

Maisha ya Nyerere yanaonyesha mambo mawili yasiyopatana kwa urahisi. Sheria inayotaja rangi huvunja usawa waziwazi. Sheria isiyoitaja, ikitumika katika jamii iliyokwisha kugawanywa kwa rangi, yaweza kurekebisha dhuluma ya jana na papo hapo kuzaa nyingine. Mwaka 1961 alilijua vyema la kwanza. Mwaka 1971 ulilidhihirisha la pili.