Daumier: alifungwa kwa kumchora mfalme, akawageukia wanawake wenye kalamu

Mjini Paris mwaka 1844, mwanamke aliyeandika vitabu alibandikwa jina la kejeli: soksi za buluu. Jina hilo lilianzia London karne iliyotangulia, kwenye baraza za mazungumzo za Elizabeth Montagu, ambako mgeni mmoja, Benjamin Stillingfleet, alikuwa akiingia na soksi za sufu za buluu badala ya hariri. Soksi zilikuwa za mwanamume, lakini dhihaka wakaachiwa wanawake. Aliyeipa dhihaka hiyo sura nchini Ufaransa ni mchora katuni Honoré Daumier.

Alizaliwa Marseille tarehe 26 Februari 1808. Baba yake alikuwa fundi vioo aliyetamani kuwa mshairi. Aliihamishia familia Paris, na ushairi haukujaza chungu. Kijana akaanza kazi mapema, kwanza mtumwaji katika ofisi ya dalali wa mahakama, kisha katika duka la vitabu.

Riziki yake aliipata kwenye jiwe. Mchoraji alichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe likiloweshwa maji, wino hushika penye mafuta tu, na nakala nyingi hutoka kwa gharama ndogo. Katuni ikawa bidhaa ya kila siku.

Mwaka 1831 alimchora Mfalme Louis-Philippe kama jitu lililoketi kitini, ubao mrefu umeegemezwa kinywani mwake, na wapagazi wanapanda nao wakibeba vikapu vya fedha za kodi zilizotoka kwa maskini. Alihukumiwa kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500. Hakunyamaza. Mwaka 1834 alichora familia iliyouawa na askari chumbani mwao, katika mtaa wa Transnonain. Lakini Septemba 1835 ikaja sheria: hakuna picha kuchapishwa bila kibali cha serikali.

Gazeti lake, Le Charivari, lilitoka kila siku na lilihitaji picha kila siku. Waziri haguswi tena, basi zamu ikawa ya mawakili, wenye nyumba na matapeli. Halafu wanawake. Tayari mwaka 1839 alikuwa amemchora mume anayelalamika kwamba mwandishi George Sand ndiye anayewazuia wake kushona suruali zilizochanika. Mwaka 1844 akatoa mfululizo wa picha 40 juu ya soksi za buluu. Katika mojawapo, mama ameinamia karatasi zake huku mtoto ametumbukia kichwa chini katika beseni la kuogea. Kwingine mwandishi ni mwembamba kama ufito, na mume ndiye anayebembeleza mtoto. Maneno ya chini ya picha mara nyingi yaliandikwa na wenzake gazetini, ila mkono ulikuwa wake.

Kilichofichwa na vicheko ni sheria yenyewe. Chini ya sheria za Napoleon, mke hakuruhusiwa kufanya biashara bila ridhaa ya mumewe. Talaka ilikuwa imefutwa tangu 1816. Kwa mwanamke wa aina hiyo, mswada ulikuwa bidhaa isiyohitaji kibanda wala leseni. George Sand, aliyezaliwa Aurore Dupin na kuchukua jina la kiume, aliishi kwa kalamu yake.

Mapinduzi ya Februari 1848 yalimwondoa mfalme, na kibali cha picha kikaondoka naye. Daumier alirudia siasa, na humo humo akawacheka wanawake waliodai talaka irudishwe. Mwaka 1849, Jeanne Deroin alipojitokeza kugombea ubunge, akawachora wanawake wa kisoshalisti. Safari hii hakuwa na sheria ya kusingizia. Nyumbani alikuwa na mke mshonaji, Marie-Alexandrine Dassy, aliyemwoa mwaka 1846.

Alichora mawe yapatayo 4,000, na utajiri hakuuona. Uzeeni macho yalififia, akaishi Valmondois katika nyumba aliyosaidiwa kuipata na rafiki yake, mchoraji Corot. Maonyesho makubwa ya kazi zake mwaka 1878, chini ya heshima ya Victor Hugo, hayakurudisha hata gharama. Alikufa Februari 1879. Talaka ilirudi katika sheria za Ufaransa mwaka 1884.