Mwili Mmoja, Viungo Vingi: Maisha ya L. R. Conradi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Juma Hili: Mathayo 16:13–19, Mathayo 18:15–20, Matendo 15:1–31, 1 Wakorintho 12:12–27, Wagalatia 2:11–14, Waefeso 4:1–16.

Wazo Kuu: Kanisa mahalia ni kanisa la kweli la Kristo, lakini si kanisa lote la Kristo.

Anayesimama ufukweni Magu na kuchota ndoo ya maji katika Ghuba ya Speke husema amechota maji ya ziwa, wala hasemi uongo. Maji hayo ni ya ziwa lile lile linalofika Bukoba, Entebbe na Kisumu. Lakini akidai kwamba ghuba yake ndiyo ziwa lote, wavuvi watamcheka.

Katika Injili zote nne, Yesu analitaja neno kanisa katika sura mbili tu. Katika Mathayo 16 anasema juu ya kanisa lote atakalolijenga, ambalo mauti haitalishinda. Katika Mathayo 18 anasema juu ya kusanyiko ambalo mtu aliyekosewa na ndugu yake anaweza kulipelekea shauri lake. La kwanza ni la ulimwengu. La pili ni la mahali. Je, yanahusianaje? Nani anaamua fundisho? Juma hili tutatafuta jibu katika maisha ya mtu ambaye kazi yake ilifika hadi kando ya ziwa letu.

JUMAPILI
Kijana Mgeni

Ludwig Richard Conradi alizaliwa tarehe 20 Machi 1856 mjini Karlsruhe, Ujerumani, katika familia ya Kikatoliki. Akiwa bado kijana alivuka bahari kwenda Marekani kutafuta maisha. Huko Iowa alipata kibarua cha kusafisha mashamba, akapanga katika nyumba ya familia ya Waadventista Wasabato. Ibada ya nyumbani, asubuhi na jioni, ilimfanya aifungue Biblia. Mwaka 1878 akajiunga na kanisa. Alisoma katika Chuo cha Battle Creek, kisha akahubiri kwa wahamiaji wenzake waliosema Kijerumani.

Tazama jinsi alivyolikuta kanisa. Hakulikuta kwanza katika mikutano mikubwa wala katika vitabu vya taratibu. Alilikuta mezani pa watu wachache waliomkaribisha mgeni. Kristo wa ulimwengu wote humfikia mtu mahali alipo, kupitia watu wenye majina na nyumba.

Fikiri: Ni nani waliokufanya ulijue kanisa kwa mara ya kwanza? Mgeni anayefika kwenu Sabato hii anakutana na nini?

JUMATATU
Mjenzi

Soma 1 Wakorintho 12:12–27. Mwaka 1886 Conradi alitumwa Ulaya. Mwaka huo huo alikwenda Urusi, na katika rasi ya Krimea akasaidia kuunda kanisa la kwanza la Waadventista nchini humo. Kwa kosa la kubatiza hadharani na kufundisha mafundisho yasiyoruhusiwa, alitiwa gerezani pamoja na mwenzake kwa muda wa siku 40 hivi. Baada ya kufunguliwa aliendelea na safari zake. Tangu 1889 Hamburg ikawa makao ya kazi yake, na mwaka 1899 shule ya Friedensau ilianzishwa ili kuandaa watenda kazi.

Makanisa yalipoongezeka, Conradi aliyaunganisha. Kanisa mahalia liliunganishwa na mengine katika konferensi, konferensi katika yunioni, na yote katika kazi ya ulimwengu. Mwaka 1913 Ulaya ikawa divisheni, naye akawa mwenyekiti wake.

Umoja huo ndio uliotuletea ujumbe. Mwaka 1903 Ulaya iliwatuma Johannes Ehlers na A. C. Enns, wakafungua kazi Giti, katika milima ya Upare. Mwaka 1909 kazi ikaanza Majita kando ya ziwa, kisha ikaingia katika nchi ya Wasukuma. Hakuna kanisa moja la Hamburg ambalo peke yake lingeweza kuyafanya hayo. Sadaka za makanisa mengi madogo ndizo zilizowasafirisha.

Fikiri: Sadaka yenu ya Sabato iliyopita imefika wapi? Je, mnawaombea mtakaowasaidia bila kuwaona?

JUMANNE
Agosti 1914

Soma Matendo 15:1–31. Antiokia ilikuwa na swali zito, tena ilikuwa na Paulo na Barnaba. Hata hivyo haikulikata shauri peke yake. Ilituma wajumbe Yerusalemu. Wakasikilizana, wakayapima Maandiko, wakamtazama Roho anafanya nini, kisha jibu likapelekwa kwa makanisa.

Vita vilipolipuka Ulaya, Waadventista walikuwa na msimamo wa nusu karne, tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani: kutochukua silaha, na kuitunza Sabato hata jeshini. Katika siku za kwanza za Agosti 1914, viongozi wa kanisa nchini Ujerumani waliiandikia serikali kwamba washiriki wao wangechukua silaha na kutumika hata siku ya Sabato. Conradi, mwenyekiti wa divisheni, aliuunga mkono msimamo huo. Tusiwahukumu upesi. Hofu ilikuwa kubwa, na waliona kwamba kanisa lingeweza kufungwa na washiriki kuteswa. Lakini walifanya jambo ambalo Antiokia haikulifanya: walibadili msimamo wa mwili mzima bila kuungoja mwili.

Baadhi ya washiriki walikataa, na wengi wao wakaondolewa ushirika. Hapa ndipo penye uchungu. Waliotolewa nje na makanisa yao kwa sababu ya jambo hili walikuwa wakishikilia kile ambacho kanisa la ulimwengu lilikuwa likifundisha. Kura ya walio wengi mahali fulani iliwafanya waonekane waasi.

Fikiri: Je, baraza la kanisa lenu limewahi kumhukumu mtu kwa kufuata hofu au desturi ya mahali kuliko Neno?

JUMATANO
Ziwani na Ulaya

Vita vilifika hata huku. Julai 1916 Waingereza waliitwaa Mwanza, na wamishonari wa Kijerumani hawakuweza tena kuendelea na kazi. Baada ya vita walitumwa wamishonari kutoka Uingereza. Hebu fikiri hali ya muumini wa kando ya ziwa. Aliyemfundisha na aliyekuja baadaye walitoka katika mataifa mawili yaliyokuwa yakiuana. Lakini Sabato ilikuwa ile ile, na tumaini la kurudi kwa Yesu lile lile. Kama imani yake ingekuwa ya Ujerumani, ingeondoka na Wajerumani.

Huko Ulaya, jeraha lilihitaji kutibiwa. Julai 1920 A. G. Daniells, mwenyekiti wa Konferensi Kuu, alikaa Friedensau na pande zote mbili. Januari 1923, katika kikao cha Gland, Uswisi, viongozi wa Ulaya walikiri kosa la siku zile. Toba ilikuwa njema, lakini ilichelewa. Waliojitenga hawakurudi, na mwaka 1925 wakajiunda rasmi kuwa kanisa lingine.

Fikiri: Soma Wagalatia 2:11–14. Kosa la hadharani lilirekebishwaje? Kwa nini kuchelewa kukiri ni hatari?

ALHAMISI
Njia ya Peke Yake

Mwaka 1922, katika kikao cha Konferensi Kuu huko San Francisco, uongozi wa divisheni ulikabidhiwa mtu mwingine. Conradi alibaki mtumishi wa Konferensi Kuu, lakini moyo wake ulizidi kuwa mbali. Hakukubaliana tena na fundisho la huduma ya Kristo katika Patakatifu pa mbinguni, wala na karama ya unabii katika kazi ya Ellen White. Mwaka 1931 ndugu zake walimsikiliza Friedensau, kisha Omaha, Marekani. Hawakuafikiana. Mwaka 1932 aliondoka na kujiunga na Wabaptisti wa Siku ya Saba, ambao kila kanisa lao hujitawala. Mjenzi wa yunioni na divisheni alimalizia safari yake huko. Alifariki Hamburg tarehe 16 Septemba 1939, vita vingine vikiwa vimekwisha kuanza.

Katika 1914 wachache walikuwa upande wa kweli na uongozi wa mahali ulikosea. Katika 1931 mtu mmoja alisimama dhidi ya mwili mzima, na mwili haukuiona nuru yake katika Maandiko. Kwa hiyo wingi si kipimo, wala uchache si kipimo. Kanisa mahalia lina mamlaka ya kweli: hubatiza, huonya, hurejesha, huchagua watumishi. Fundisho ni la mwili mzima. Na juu ya vyote viwili limewekwa Neno.

Fikiri: Ukiona jambo ambalo ndugu zako hawalioni, utafanya nini kabla ya kuondoka?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Waefeso 4:1–16. Maisha ya Conradi yasitufanye tuisahau mbegu aliyoisaidia kupandwa. Mungu aliitunza, ijapokuwa mpanzi alikwenda njia nyingine. Wala yasitufanye tujione salama.

Maswali ya Kujadili:

1. Taja mambo ambayo kanisa lenu linaweza kuamua lenyewe, kama saa ya ibada au namna ya kusaidia wafiwa. Taja mengine ambayo haliwezi kuyaamua peke yake. Mnayatofautishaje?

2. Mshiriki mmoja anasema kwamba uongozi wa juu hauyajui maisha ya Magu, hivyo kila kanisa lijiamulie fundisho. Mwingine anasema kanisa mahalia lingoje maagizo tu. Kila mmoja amesahau nini katika Matendo 15?

3. Je, yupo mtu aliyeumizwa na uamuzi wa kanisa lenu, ambaye bado hajaombwa radhi? Ni nani atakwenda kwake, na lini?